Maana ya «Mara ya Kwanza» katika Sheria ya Nyumba ya Marekani, 2008-2010

Mwaka 2008 bei za nyumba nchini Marekani zilikuwa zikiporomoka. Watu wengi walishindwa kulipa mikopo yao, benki zikazitwaa nyumba zao, na nyumba hizo zikakaa bila wanunuzi. Ili kuwarudisha wanunuzi sokoni, Bunge lilipitisha sheria ambayo Rais George W. Bush aliitia sahihi tarehe 30 Julai. Ndani yake mlikuwemo nafuu ya kodi kwa mtu anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza: asilimia 10 ya bei, isiyozidi dola 7,500. Nafuu hiyo ilipunguza kodi yenyewe, si mapato yanayotozwa kodi. Na ambaye kodi yake ilikuwa ndogo kuliko nafuu alipewa salio.

Wazo hilo lilikuwa na mtangulizi. Mwaka 1975 Bunge lilitoa nafuu isiyozidi dola 2,000 kwa wanunuzi wa nyumba mpya, bila kuuliza kama walikuwa wamepata kumiliki nyumba.

Sheria ya 2008 iliuliza, lakini kwa namna yake. «Mnunuzi wa mara ya kwanza» hakuwa lazima awe mtu asiyepata kumiliki nyumba maishani. Ilitosha kwamba hakuwa na nyumba yake ya kukaa katika miaka 3 iliyotangulia ununuzi. Aliyeuza nyumba miaka 4 nyuma, akapanga kwa watu, alihesabiwa kuwa wa kwanza tena. Kwa wanandoa, sharti liliwabana wote wawili: mke asiyepata kumiliki hata tofali moja alikosa nafuu iwapo mumewe alikuwa na nyumba juzi. Watu wawili walionunua pamoja bila kuoana waliweza kumwachia nafuu yote yule aliyestahili. Aliyenunua kwa mzazi, babu au mwanawe alikataliwa, ila aliyenunua kwa kaka au mjomba alikubaliwa. Msomaji aliyelelewa katika ukoo mpana ataona jinsi mtunga sheria alivyoupima undugu kwa kipimo chembamba.

Hata hivyo, kilichowagawa watu zaidi ni tarehe. Nafuu ya 2008 ilikuwa kwa hakika mkopo usio na riba, wa kurudishwa kwa miaka 15. Tarehe 17 Februari 2009 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria nyingine: kiwango kikafika dola 8,000, na mnunuzi hakudaiwa kitu akikaa katika nyumba hiyo miezi 36. Lakini sheria hiyo iliwahusu walionunua kuanzia tarehe 1 Januari 2009. Hivyo majirani wawili, mmoja aliyenunua mwishoni mwa Desemba na mwingine siku chache baadaye, walitengwa na kalenda tu: wa kwanza alibaki mdeni, wa pili akapewa zawadi. Ni vigumu kuiona haki ndani ya mpaka huo, na Bunge halikuwasamehe waliotangulia.

Sheria ya tarehe 6 Novemba 2009 ilipanua mlango. Kikomo cha mapato kwa mtu mmoja kilipanda kutoka dola 75,000 hadi 125,000. Aliyekuwa amekaa katika nyumba yake miaka 5 mfululizo kati ya 8 aliweza kupata dola 6,500 akinunua nyingine, na hapo neno «kwanza» likabaki jina tu. Mnunuzi alitakiwa pia awe na umri wa miaka 18, kwani wakaguzi walikuwa wamegundua maombi yaliyoletwa kwa majina ya watoto, mdogo kuliko wote akiwa na miaka 4. Hati ya mauzo nayo ikawa lazima iambatanishwe.

Mikataba ilipokewa hadi tarehe 30 Aprili 2010. Wadeni wa 2008 walianza kulipa na hesabu za kodi za mwaka huo huo wa 2010, dola 500 kwa aliyepata kiwango cha juu. Fungu lao la mwisho liliingia katika hesabu za mwaka 2024.