Unyonyeshaji katika mitaa ya mabanda ya Nairobi

Katika miaka ya 1970, kampuni za maziwa ya unga zilijitafutia soko Afrika kwa matangazo na kwa wanawake waliovaa sare kama za wauguzi. Mama maskini alizidisha maji ili kopo lidumu, na maji yenyewe mara nyingi hayakuwa safi. Matokeo yake yakawa kuhara na utapiamlo. Shirika la Uingereza la War on Want liliyafichua hayo mwaka 1974, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti uuzaji huo. Kenya ilitunga sheria yake mahsusi mwaka 2012.

Kabla ya hapo VVU vilikuwa vimevuruga mambo. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba maziwa ya unga yalipunguza maambukizi kwa watoto wa akina mama wenye virusi. Ulikuwa ukweli mgumu kwa mama asiye na maji safi wala fedha za kopo. Mwaka 2010 ushauri wa kimataifa uliruhusu mama mwenye virusi anyonyeshe huku dawa za ARV zikimkinga mtoto.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa mitaani kilikuwa riziki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani uligundua kwamba takriban asilimia 2 tu ya watoto walinyonya bila kupewa kingine chochote kwa miezi 6. Sheria ya Ajira ya 2007 ilikuwa imetoa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara, lakini mama wa kibarua hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Akibaki nyumbani, hakuna chakula. Akitoka, mtoto huachiwa jirani, naye humpa uji.

Ndipo wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo ya ziada wakaanza kuwashauri wajawazito na wazazi nyumbani kwao. Katika jaribio lililofanywa mitaa hiyohiyo, kiwango kilipanda kupita nusu, tena hata katika kundi la kulinganishia, ambalo wahudumu wake hawakupewa mafunzo hayo ya ziada. Huenda ujumbe ulivuka mipaka ya makundi, kwa kuwa majirani huongea. Kitaifa pia, unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee ulipanda kutoka asilimia 13 mwaka 2003 hadi 61 mwaka 2014.

Sheria ya Afya ya 2017 iliwataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea, ingawa anayefua nguo nyumba hadi nyumba hana mwajiri wa namna hiyo. Mwaka 2019 Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini, kwa ajili ya watoto njiti na wengine wasioweza kupata maziwa ya mama zao.