Wakimbizi Waliotengeneza Filamu za Giza

Filamu ya kwanza ya giza niliyoitazama niliipata kwa bahati tu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni hapa Mbarara, na kijana wa duka la kunakili filamu alinijazia flashi kwa filamu za kivita nilizomwomba. Nafasi iliyobaki akaitia faili moja ambayo hata yeye hakuijua. Usiku ule umeme ulikatika hosteli. Kompyuta ya mwenzangu ilikuwa na chaji kidogo, tukachagua filamu iliyokuwa fupi kuliko zote. Haikuwa na rangi. Mwanamume anatembea katika korido ndefu, ametupa mgongo, anaingia kituo cha polisi na kusema amekuja kuripoti mauaji. Wanapomuuliza ni nani aliyeuawa, anasema ni yeye mwenyewe. Chaji iliisha kabla hatujajua muuaji ni nani, nami nikalala nimekasirika.

Hiyo ilikuwa D.O.A. ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Rudolph Maté, mzaliwa wa Kraków. Kwamba filamu ya namna hiyo ilifika duka dogo la Mbarara ni jambo la kisheria. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka hakimiliki ifanywe upya baada ya miaka 28, na kwa filamu hii hilo halikufanyika. Ikawa mali ya kila mtu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Detour na Scarlet Street, zote mbili za 1945, ambazo nilizitafuta baadaye kwa hiari yangu.

Jina la filamu hizi halikutoka Marekani. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, kuanzia 1940 hadi 1944, filamu mpya za Marekani hazikuingia. Vita vilipokwisha zikaja kwa mkupuo, na mwaka 1946 watazamaji wa Paris waliona kwa muda mfupi The Maltese Falcon, Laura na Double Indemnity. Mwandishi Nino Frank aliona zinafanana: mitaa ya usiku, mpelelezi asiye msafi sana, mwanamke mwenye hila, na mwisho usiofariji. Akaziita nyeusi. Mimi nimechagua kuziita filamu za giza, kwa sababu nilipotamka "filamu nyeusi" darasani wenzangu walidhani nazungumzia filamu za watu weusi, na watu weusi ndio ambao karibu hawaonekani humo, isipokuwa wakibeba mizigo au wakipiga piano.

Lakini ni nani waliozitengeneza? Nilipoanza kusoma habari zao nilishangaa. Fritz Lang, aliyeongoza Scarlet Street, aliondoka Ujerumani mwaka 1933, mwaka Hitler aliposhika madaraka. Robert Siodmak, wa The Killers (1946), aliondoka mwaka huohuo, akaishi Paris, kisha akahama tena 1939 vita vilipokaribia. Peter Lorre, yule mwenye macho makubwa katika The Maltese Falcon, naye alikimbia 1933. Yaani walikuwa wakimbizi, tena baadhi yao walikimbia mara mbili, jambo ambalo kwetu Nakivale halihitaji maelezo.

Billy Wilder ndiye ninayempenda zaidi. Aliondoka Berlin 1933, akapita Paris, akafika Marekani mwaka 1934. Viza yake ilipokwisha ilimbidi atoke nje ya nchi na kuomba upya kutoka Mexicali, mji wa Mexico ulio mpakani. Uzeeni alisimulia kwamba alikwenda mbele ya konsuli akiwa na karatasi chache mno, akijua anaweza kunyimwa. Konsuli akamuuliza kazi yake. Akajibu kwamba anaandika filamu. Yule bwana akafikiri, akagonga muhuri, akamwambia aandike zilizo nzuri. Miaka kumi baadaye Wilder alitoa Double Indemnity, hadithi ya wakala wa bima anayeshirikiana na mke wa mteja wake kumuua mteja huyo.

Nisizidishe chumvi. Mwongozaji wa The Maltese Falcon, John Huston, alikuwa Mmarekani wa kuzaliwa, na hadithi nyingi zilitoka kwa waandishi wa Kimarekani kama Dashiell Hammett na Raymond Chandler. Wilder mwenyewe aliandika Double Indemnity pamoja na Chandler. Tena giza lile lilisaidia kuficha umaskini wa mapambo wakati wa vita. Hata hivyo, nani angejua vizuri zaidi hofu ya mtu anayesubiri mlango ubishwe?

Huston na Humphrey Bogart, mwongozaji na nyota wa The Maltese Falcon, walifika huku kwetu mwaka 1951. Walikuja kupiga The African Queen, kwanza katika mto Ruiki, upande wa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, halafu Butiaba na eneo la Murchison Falls hapa Uganda. Inasimuliwa kuwa wawili hao hawakuugua tumbo kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Filamu hiyo ilimpa Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Wenyeji wa Kongo na Uganda wamo humo, lakini kama kundi tu.

Wakati huohuo serikali za kikoloni zilikuwa zikituamulia tutazame nini. Waingereza walianzisha kitengo cha filamu kwa makoloni mwaka 1939, na mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka au kuruka kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo filamu zao zilikwenda polepole, zikifundisha usafi na kilimo. Katika Kongo ya Wabelgiji pia Wakongo waliruhusiwa kuona zile tu zilizoidhinishwa kwa ajili yao.

Natamani Sellers angeketi nasi kibandani.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia, nayo leo ina watu zaidi ya laki moja, wengi wao Wakongo kama sisi. (Mwaka huo ndio ilipotoka Touch of Evil ya Orson Welles, ambayo wengi huihesabu ya mwisho katika zile za kale. Ni bahati tu, haina maana ya kihistoria, lakini filamu yenyewe inahusu mji wa mpakani.) Kibanda tunachokwenda kina kuta za udongo, mabenchi ya mbao na jenereta inayokohoa. Kampala wafasiri kama VJ Jingo walijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu kwa Kiluganda, na Kenya yupo DJ Afro. Wetu huchanganya Kiswahili cha Bukavu na Kinyarwanda, na asipoelewa hutunga.

Likizo iliyopita nilimpa D.O.A. Watu walinung'unika kwa sababu ya rangi, wawili wakadai pesa zao. Mfasiri akashika maikrofoni. Yule mtu alipoingia polisi na kusema aliyeuawa ni yeye, kibanda kikanyamaza. Filamu nzima inarudi nyuma kuonyesha yaliyompata, na hakuna aliyepotea njia. Marehemu huyo mtarajiwa ni mhasibu aliyetiliwa sumu kwa sababu aliwahi kuithibitisha hati ya mauzo kwa sahihi yake. Hakumkosea mtu. Karatasi ndiyo iliyomuua. Pale mfasiri hakuongeza kitu, maana kila aliyekaa kwenye benchi ana karatasi yake anayoiwaza usiku.

Mama mdogo hakupendezwa. "Tulikimbia bunduki," alisema nilipofika nyumbani, "wewe unazileta kwa flashi." Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba filamu zile za kivita, ambazo yeye huziacha watoto watazame, zina risasi mara mia, na mwishoni kila mtu mwema anapona. Hizi hazimdanganyi mtu. Akasema anadanganywa vya kutosha na redio, filamu afadhali imfurahishe.

Jioni ile nje ya kibanda niliwasimulia habari za Wilder na konsuli. Vijana walicheka sana kwa ule muhuri, mmoja akasema kesho naye atasema anaandika filamu. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye sote humwita Papa, hakucheka.

"Na mama yake je, mwanangu? Alimfuata?"

Nikamwambia hapana, Papa. Alibaki Ulaya, na Wanazi wakamuua. Papa akatikisa kichwa, akauliza kama kesho kibanda kitaonyesha nyingine ya mtu huyo.