Kipato cha kaya: kwa nini majirani wenye shamba sawa hawalingani

Nchini Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Katika makazi ya vijijini kama Nakivale, wilayani Isingiro, kaya hupewa pia kipande cha ardhi cha kutumia. Ardhi hiyo haiwi mali yao. Kanuni za mwaka 2010 zinakataza kuiuza au kuikodisha.

Wengi hudhani kwamba kaya zenye ardhi sawa zina hali sawa. Sivyo. Jambo hili ni zito zaidi tangu 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kugawa kaya za wakimbizi nchini Uganda katika makundi kulingana na mahitaji. Zilizohesabiwa kuwa zinajitegemea ziliondolewa kwenye mgao.

Tofauti inatoka wapi?

Kipande cha mita 30 kwa 30 hakifiki robo ekari. Mahindi na maharage yake hayawezi kulisha watu sita mwaka mzima. Kwa hiyo mengi hutegemea mambo mengine:

- Nguvu kazi. Kaya yenye watu wazima watatu hulima kwake, na mmoja akaenda kibarua. Mama anayelea watoto peke yake akienda kibarua msimu wa kupanda, shamba lake linachelewa.
- Wakati wa kuuza. Bei ya mahindi hushuka wakati wa mavuno. Mwenye deni huuza hapo hapo. Mwenye akiba husubiri. Aliyeuza mapema huenda akanunua mahindi baadaye kwa bei ya juu.
- Mtaji. Cherehani, bodaboda, kioski, au pesa za ndugu aliye ng'ambo.

Na wenyeji je?

Mwenyeji mwenye ardhi kubwa hupata wapangaji, vibarua na wateja. Mwenyeji asiye na ardhi hugombania kibarua kilekile na mkimbizi, na watu wakiwa wengi ujira hushuka. Maskini wa pande zote mbili wana shida moja.

Unachoweza kufanya

- Jiunge na kikundi cha kuweka na kukopa (AVEC kwa Wakongomani, VIKOBA kwa Watanzania). Sanduku liwe na kufuli tatu, na kila ufunguo ushikwe na mtu wake. Mkopo mdogo wa ada ya shule unaweza kukuepusha kuuza mavuno kwa bei ya chini.
- Ukikodi shamba kwa mwenyeji, andikianeni mbele ya mwenyekiti wa LC1: ukubwa, bei na msimu.
- Ukihojiwa kuhusu hali ya kaya, usiishie kutaja shamba. Eleza wangapi wanaweza kufanya kazi, nani mgonjwa, deni ni kiasi gani, na mavuno yaliyopita yaliwalisha miezi mingapi.