Mstari wa 20

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi nilitaka kuandika riwaya, na hadi leo nataka. Lakini siku ile nilipoinama mbele ya mchuuzi wa vitabu vya mtumba pale Posta, nikitafuta riwaya ya bei ya kutupa, mkono uliangukia kitabu kisicho na jalada. Ndani nikaona mistari mifupi iliyopewa namba: 10, 20, 30. Nikadhani ni mashairi. Mchuuzi alitaka shilingi 3,000, tukamalizana kwa 2,000, nikarudi Kibamba nimesimama ndani ya daladala, kitabu kwapani.

Kumbe hayakuwa mashairi. Kilikuwa kitabu cha kumfundisha mtu asiyejua lolote namna ya kuiandikia kompyuta amri, kwa lugha iitwayo BASIC. Mshikaji wangu mmoja anayesoma mambo hayo chuoni alipokiona alicheka hadi akakaa chini. "Hiyo lugha ya wazee, kaka! Siku hizi watu wanaanza na Python." Nikanyamaza. Baadaye nilikuja kugundua kwamba hiyo Python yake nayo ilitolewa kwa watu mwaka 1991, kabla sisi wawili hatujazaliwa. Sasa mzee ni nani?

Basi nikaanza kuifuatilia historia ya lugha yangu ya wazee. Ilizaliwa alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, katika Chuo cha Dartmouth, mji wa Hanover huko Marekani. Hebu piga hesabu: Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana tarehe 26 Aprili, siku tano tu nyuma. Huku watu wanajifunza jina la nchi mpya, kule walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, wanasubiri lugha yao ianze kazi.

Kemeny alizaliwa Hungary, familia yake ya Kiyahudi ikahamia Marekani mwaka 1940 akiwa bado kijana wa shule. Ukubwani aliwahi kuwa msaidizi wa Einstein. Mtu wa namna hiyo ungetegemea atunge kitu cha kuwatisha watu. La hasha! Yeye na Kurtz walikuwa na wazo moja, kwamba kompyuta isiwe mali ya wataalamu peke yao. Zamani hizo ulitoboa maagizo yako kwenye kadi, ukazikabidhi dirishani kama mtu anayepeleka suruali kwa dobi, ukarudi kesho kuambiwa umekosea nukta. Wao walitaka hata mwanafunzi wa fasihi au historia akae mwenyewe, aandike, ajibiwe hapo hapo. Kwa hiyo wakaifanya mashine moja ihudumie watu wengi kwa zamu za haraka, kila mmoja akidhani ni yake, na wakatunga lugha yenye maneno machache: LET, PRINT, READ, IF, FOR.

Na zile namba zinazoruka kumi kumi? Ni ili ubakize nafasi. Ukisahau jambo kati ya 30 na 40, unaandika mstari wa 35 na mashine inaupanga mahali pake. Ukitaka kubadilisha mstari wa 20, unauandika upya tu, ule wa zamani unapotea. Nyinyi mnaoandika hadithi mtanielewa kwa nini hapo nilikipenda kitabu. Ni mswada ambao haukasiriki ukiusahihisha.

Kilichoniuma ni Kiingereza. Alama yangu ya Kidato cha Nne katika somo hilo naificha hata kwa wachumba. Lakini nikagundua kitu. Ukiandika PRINT, kisha ukaweka maneno ndani ya alama za kunukuu, humo ndani mashine haiulizi lugha. Nikaandika "HABARI ZA KIBAMBA", nayo ikarudisha habari za Kibamba bila kusita. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo zile amri za ndani, zinazoendesha mambo, zilibaki na maneno ya wenyewe. Sisi bado tunaishi ndani ya alama za kunukuu.

Mazoezi niliyafanya kwanza kwa kalamu kwenye daftari, kisha jioni kwenye simu, kwa programu ya bure inayoelewa BASIC. Aliyekuwa akinitazama ni babu. Yeye alikuwa karani wa hesabu serikalini, huko mkoani, miaka ya 1970, na sasa anaishi nasi. Nilipomwambia ninajifunza kuamuru kompyuta, aliguna. "Bwana mdogo, hizo zilikuja zikashindwa. Tukarudi kwenye kalamu."

Nilidhani ni maringo ya uzee. Kumbe ni historia. Kompyuta ya kwanza ya nchi hii, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ikafuatiwa na nyingine chache za kuhesabika kwa vidole, na hesabu za serikali zikahamishiwa huko. Zikavurugika. Fedha zikapotea, wataalamu wengi walikuwa wa kutoka nje, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali maalumu. Televisheni nazo zilikumbwa. (Ndiyo maana Bara tulianza kuona televisheni yetu mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Wazanzibari wanatukumbusha kila wanapopata nafasi.) Marufuku ilikuja kulegezwa kidogo kidogo, ikafifia kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Siwezi kuwacheka waliokata shauri hilo. Mashine ilijaza chumba, ilimeza fedha za madawa, halafu inakosea. Ila tazama bahati yetu. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya marufuku, Bill Gates na Paul Allen waliandika BASIC ya kompyuta ndogo ya mezani iitwayo Altair, na miaka iliyofuata watoto wa Ulaya na Marekani walikuwa sebuleni wakiandika 10, 20, 30. Vitabu kama hiki changu viliandikwa kwa ajili yao. Sisi tulikuwa tumefunga mlango kwa sababu ya tembo, na kwenye foleni nyuma yake walikuwapo mbuzi.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike haya. Mama ana genge hapa Kibamba: nyanya, vitunguu, mchicha, nazi. Anasaidiwa na binti mmoja wa jirani. Nikaona niache mazoezi ya kitoto, nimpigie mama hesabu za wiki. Nilichukua mfano wa duka uliomo kitabuni, nikabadilisha tarakimu:

10 LET J = 0
20 FOR S = 1 TO 6
30 READ M
40 LET J = J + M
50 NEXT S
60 PRINT "MAUZO NI", J
70 DATA 31000, 28500, 33000, 27000, 35500, 41000, 52000

Simu ikajibu: MAUZO NI 196000. Mama alikuwa ametumia 213,000, mzigo pamoja na posho ya binti. Hasara ya 17,000! Mama aliitazama simu, akanitazama, akasema polepole, "Mwanangu, kumbe ndiyo maana." Hakumgombeza binti. Alimwambia tu apumzike kwanza nyumbani. Nami, msomaji, nilijisikia mtaalamu.

Usiku babu akaomba daftari. Akavaa miwani, akachukua penseli. Nilijua mstari wa 40 utamshinda, maana ulinitesa siku tatu. Shuleni, J haiwezi kuwa sawa na J ukiongeza kitu. Yeye hata hakusimama. "Hili ni salio la jana, unalileta mbele." Miaka yote aliyoandika leja alikuwa akiandika mstari wa 40.

Akashuka mstari kwa mstari, akiweka alama ya vema kwenye kila tarakimu. Akafika ya sita, akasimama.

"Jumapili mama yako hauzi?"

"Anauza, babu. Ndiyo siku yake kubwa."

"Sasa mbona umeifunga?"

Duka la kitabuni lilikuwa la Wazungu. Jumapili halifunguliwi. Mimi niliandika siku saba kwenye mstari wa 70, nikanakili siku sita kwenye mstari wa 20, na BASIC haina tabia ya kuuliza kilichobaki. Shilingi 52,000 zilikaa pale mwisho wa mstari bila mtu wa kuzisoma. Jumla ilikuwa 248,000. Faida, 35,000.

Nilimuuliza babu kama wao, miaka ile, waliwahi kuonyeshwa maagizo waliyopewa mashine. Akacheka. "Tulikuwa tunaletewa karatasi za majibu, bwana mdogo. Majibu tu."

Niliuandika upya mstari wa 20. Asubuhi mama alinituma mimi mwenyewe kwa akina binti, nyuma ya shule, nikaombe radhi. Nikamweleza yote, salio, Jumapili, Wazungu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anafunga kanga yake vizuri.

"Na leo," akaniuliza, "simu yako imesemaje?"