MOYO WA MTOTO, SEHEMU YA 4: Baba aliyelala kitanda cha pili



Sehemu ya 3 tuliongea kuhusu tundu kwenye moyo. Wengi mkauliza: hivi zamani, kabla ya mashine, watoto hawa walikuwa wanafanyiwaje? Leo tupige historia kidogo.

Kuna mama mmoja nilimkuta nje ya chumba cha upasuaji, mwanawe yuko ndani. Ameshika kanga ya mtoto. Akaniuliza, "Sista, mimi hapa nina kazi gani? Nimekaa tu." Nilimjibu kwa kifupi maana nilikuwa nakimbilia wodini. Jibu langu refu ni hili.

Shida ya moyo ni kwamba haupumziki. Ukitaka kushona tundu lililo ndani, lazima uufungue, na ukiufungua damu haiendi mwilini. Ubongo ukikosa damu dakika nne hivi, unaanza kuharibika. Sasa nani atashona tundu kwa dakika nne?

Kwa hiyo mwanzoni madaktari walifanya kazi nje ya moyo. Mwaka 1944, pale Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, Daktari Alfred Blalock aliunganisha mishipa ya mtoto wa kike aliyekuwa anageuka bluu, ili damu nyingi zaidi ifike kwenye mapafu. Wazo lilitoka kwa Daktari Helen Taussig. Na nyuma ya Blalock alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na shahada ya udaktari, akimwelekeza, maana yeye ndiye aliyeifanyia mazoezi njia ile kwa mbwa mara nyingi.

Lakini tundu la ndani bado lilikuwa halifikiki. Mwaka 1952, Chuo Kikuu cha Minnesota, walimpoza mwili binti wa miaka mitano ili ubongo uvumilie kidogo, wakaziba tundu kwa dakika chache. Alipona. Ila kwa matundu magumu dakika hizo hazitoshi. Mwaka 1953 Daktari John Gibbon wa Philadelphia akafanikiwa kutumia mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu kwa msichana wa miaka 18. Wagonjwa waliofuata wakafariki, akaiweka pembeni.

Hapo ndo anaingia Daktari Walton Lillehei, palepale Minnesota. Yeye na wenzake walifikiria kitu ambacho kila mama hapa anakijua: mimba. Mtoto tumboni hapumui. Mama anapumua kwa niaba yake, oksijeni inapita kwenye kondo la nyuma. Sasa kama mama anaweza kuwa mapafu ya mtoto miezi tisa, kwanini mzazi asiwe moyo na mapafu yake kwa nusu saa?

Tarehe 26 Machi 1954 wakaweka vitanda viwili kwenye chumba kimoja. Kimoja alilala Gregory Glidden, mtoto wa mwaka mmoja hivi, mwenye tundu kwenye ukuta wa vyumba vya chini vya moyo. Familia yake ilikuwa imeshampoteza binti mkubwa kwa tatizo la moyo. Kitanda cha pili alilala baba yake, kalazwa usingizi. Damu ya mtoto ilitolewa kwa mpira, ikaingia kwenye mshipa wa paja la baba, ikapita mapafu ya baba, ikarudi kwa mtoto ikiwa na oksijeni. Katikati kulikuwa na pampu. Lillehei akafungua ule moyo mdogo akashona tundu.

Moyo ulitengenezeka. Lakini siku ya 11 Gregory alifariki kwa nimonia. Nasema wazi kwa sababu historia hii sio ya miujiza mitupu. Kuna wazazi walizika ili wetu waishi.

Watu walimshambulia Lillehei sana. Walisema huu ni upasuaji wa kwanza unaoweza kuua watu wawili kwa mpigo. Na kweli mama mmoja aliyelala kitanda cha pili aliingiwa na hewa kwenye mshipa, akapata madhara makubwa ya ubongo. Hata hivyo wazazi waliendelea kujitokeza. Hadi katikati ya 1955 walifanya 45, na watoto 28 walitoka hospitali wakiwa hai. Mwaka huohuo Daktari Richard DeWall, mwenzake Lillehei, akatengeneza mashine rahisi ya kuipa damu oksijeni. Mzazi akashuka kitandani.

Sasa cha ajabu. Miaka hiyohiyo, hospitali nyingi za Uingereza zilimzuia mama kukaa wodini. Saa za kuona wagonjwa zikiisha, unatoka, mtoto analia mpaka ananyamaza. Wakasema "ametulia". Mwaka 1952 James Robertson alipiga filamu ya binti wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, akaonyesha kwamba kule sio kutulia, ni kukata tamaa. Mwaka 1959 ripoti ya serikali ikapendekeza wazazi waruhusiwe muda wowote na mama alale na mtoto mdogo. Hospitali zikasuasua. Mwaka 1961 akina mama wa Battersea, London, wakaunda kikundi chao kudai haki hiyo.

Kwa hiyo mama yangu, ile stuli unayokalia pembeni ya kitanda, inayokuumiza mgongo, kuna watu waliipigania.

Na kazi unayo. Akitoka ICU, sauti yako ndo anayoijua kati ya milio yote ile. Maziwa unayokamua ndo yatakayompa nguvu. Sisi tunasoma namba kwenye mashine, lakini wewe ndiye unayeweza kusema, "Sista, huu sio mlio wake wa kawaida." Ukisema hivyo naacha nilichoshika nakuja. Usiogope kusema, hata kama nimenuna. Nimechoka tu.

Yule mama mwanawe alitoka salama. Alimfunika na ile kanga.

Sehemu ya 5: maswali ya kumuuliza daktari kabla hujasaini fomu ya ridhaa. Mtumie mwenzio aliye wodini usiku huu. 🙏