'Madoadoa': Siasa ya Kutafutiwa Adui

Mwezi huu tunafunga tumbo na tunafunga ulimi. Basi tuzungumze kidogo juu ya ulimi wa jukwaani, ule wa siasa, maana sisi watu wa Eldoret tunajua unaweza kutufikisha wapi.

Tuanzie mbali. Mwaka 1932 Ujerumani ilikuwa na watu karibu milioni 6 wasio na kazi. Hitler aliwapa watu hao jibu rahisi: adui yenu ni Myahudi. Chama chake kiliwafananisha Mayahudi na wadudu na maradhi. Vijana wakavishwa sare, wakatumwa barabarani kupiga watu. Januari 1933 akateuliwa kuongoza serikali, tena kwa njia ya sheria. Kufika Julai mwaka huo huo, chama kilichoruhusiwa kilikuwa kimoja tu, chake.

Utasema hayo ni ya Wazungu. Haya, njoo hapa jirani Uganda. Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971, watu walijaa barabarani Kampala wakishangilia. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka, ati wanakamua uchumi. Wakashangilia tena. Maduka yakaangukia wanajeshi na wapambe wao, na muda si mrefu bidhaa za kawaida zikawa adimu. Na tusifichane: Amin alikuwa Muislamu, na miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Waislamu pia. Kwa hivyo usimpime kiongozi kwa jina lake.

Rwanda nako, redio ya RTLM iliyoanza 1993 iliwaita Watutsi 'inyenzi', yaani mende. Mwaka uliofuata watu wapatao laki 8 waliuawa kwa muda wa siku 100 hivi. Ndio kazi ya jina hilo: anayeponda mende haoni kama ameua mtu.

Sasa turudi nyumbani. Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria, na vijana wa KANU wakawa wanadai watu kadi za chama sokoni na kwenye vituo vya matatu. Upepo wa vyama vingi ulipovuma, Septemba 1991 ikafanywa mikutano ya majimbo Bonde la Ufa, na huko 'wageni' wakaambiwa warudi kwao. Oktoba 29 moto ukawaka shamba la Meteitei, Nandi. Desemba 1992 ukafika Burnt Forest. Kamati ya bunge ilihesabu waliokufa 779 kufikia Septemba 1992, na mauaji yalikuwa hayajaisha.

Wakati huo huo kundi la YK'92 lilikuwa linamwaga pesa za kampeni, hata noti ya 500 wananchi wakaibandika jina la kiongozi wake, 'Jirongo'. Mwaka 1993 bei zikapanda ajabu. Kijana alikula noti, mamake akalipia unga.

Majirani waliotoka makabila mengine wakapewa jina: 'madoadoa'. Doa, ndugu yangu, hufanywa nini? Husafishwa. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu 1,133 nchini. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, hapa karibu tu, lilichomwa na watu ndani, wengi wao kina mama na watoto. Maelfu walilala kwenye mahema pale Showground. Ungedhani neno hilo lilizikwa. Lakini Januari 2022, seneta mmoja alilitamka tena kwenye mkutano hapa hapa Eldoret. Alikamatwa, na akaomba radhi.

Tusizidishe lakini. Si kila mwanasiasa mwenye makelele ni Hitler. Kulalamikia bei ya unga si uchochezi, na kuikosoa serikali ni haki yako. Halafu Kenya si Ujerumani ya 1933: mwaka 2002 KANU ilishindwa kwa kura na ikaondoka. Kipimo ni hiki: je, anayehutubia anakwambia shida yako inatokana na sera mbaya, au inatokana na jirani yako? Wa kwanza mjibu kwa hoja. Wa pili mkimbie, hata kama ni wa kabila lako, hata kama ni wa msikiti wako.

Surat Al-Hujurat inatukataza kuitana majina mabaya. Tusidhani ni adabu ya watoto tu. Wazazi, majina tunayowaita majirani tukiwa mezani wakati wa kufuturu, watoto wanayasikia. Na wewe kijana, ukipewa noti ukafanye fujo, muulize huyo mheshimiwa: watoto wake siku hiyo watakuwa wapi?

Wabillahi tawfiq. Ramadhan karim.