Godoro lisiloharibu mazingira: tulipime kabla ya kununua

Magodoro mengi sokoni kwetu, yale tunayoyaita matela, ni ya sponji, nayo sponji hutengenezwa kwa kemikali zinazotokana na petroli. Haiozi kama majani. Ikitupwa mtoni inabaki. Ikichomwa uani inatoa moshi wenye sumu, na watoto ndio huwa karibu.

Godoro la sufi au la pamba ni jema zaidi. Likichoka hufunguliwa, nyuzi zikaanikwa juani na kuchambuliwa, kisha likashonwa tena. Ila liwe mbali na mshumaa na makaa, maana sufi hushika moto upesi.

Wasio na njia isipokuwa sponji, nao ndio wengi wetu, waombe mizani. Godoro la urefu wa sentimita 190, upana 140 na unene 15 likifika kilo 10, sponji yake imeshiba na itadumu zaidi. Likiwa na kilo 6 litabonyea mapema, na pesa ya familia imekwenda. Unene peke yake hudanganya macho.

La zamani tusilichome. Likioshwa, likaanikwa na kukatwa vipande, linajaza mito, hata ya kukalia kwenye mabenchi ya kanisa.